Kisa cha surua darasa la tatu, Temeke 2006: hesabu tuliianzia siku isiyo yenyewe

Hiki kisa nilikuwepo mwenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi huku Temeke, hisabati darasa la tatu na la nne, na juu ya hapo nilikuwa mwalimu wa afya, yani ndo mimi nakagua kucha mstarini, nampeleka zahanati aliyezimia, natunza kisanduku chenye bandeji na Panadol. Mwaka ule na ule uliofuata surua ilikuwa imeingia Dar kwa nguvu, haikuwa shule yetu peke yake, ila nachambua ya kwetu kwa sababu tarehe zake ninazo. Niliziandika kwenye kaunta buku na hilo kaunta buku lipo mpaka leo. Na ninachotaka kusema ni kimoja tu, kwamba surua inashindwa au inashinda kwa siku, na sisi tulianza kuhesabu siku tuliyoona vipele, wakati kazi ya ugonjwa ilishaanza siku nne nyuma.

Jumatatu tarehe 9 Oktoba, katikati ya mfungo wa Ramadhani. Msichana wa darasa la tatu amelaza kichwa kwenye dawati. Nikamgusa, ana joto. Macho mekundu, makamasi, anakohoa kikohozi kikavu. Nikamuuliza, umefunga? Akatikisa kichwa ndiyo. Basi mi nikaona ndo hilo, mtoto wa miaka tisa anajifunza kufunga, jua la Oktoba, njaa, na mafua juu yake. Nikamwambia apumzike hapo hapo, na wenzake watatu wa dawati lile (dawati la watoto wawili wanakaa wanne) wakajibana kumpa nafasi. Akaja Jumanne, akaja Jumatano, Alhamisi hakuonekana. Ijumaa tarehe 13 vipele vikamtoka, kwanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso pale nywele zinapoanzia, alafu vikashuka shingoni na kifuani. Mimi sikujua mpaka Jumatatu tarehe 16, mdogo wake wa darasa la kwanza alipokuja kuniambia, "Ticha, dada hawezi kuja, katoka vipele."

Sasa hapo ndo pa kutulia kidogo. Mgonjwa wa surua anaanza kuambukiza kama siku nne kabla vipele havijatoka na anaendelea mpaka siku nne baada ya vipele kutoka. Rudisha siku nne kutoka tarehe 13, unaangukia tarehe 9, siku ile ile niliyomgusa paji la uso nikamwacha darasani. Yani zile siku tatu alizokaa na wenzake akikohoa ndo siku alizokuwa anaambukiza, na kwa macho ya mwalimu yoyote pale alikuwa na mafua tu. Nesi mmoja alinifundisha baadaye kwamba siku moja au mbili kabla ya vipele, ukimwambia mtoto afungue mdomo ukamulika tochi ndani ya mashavu, unaweza kuona vidoti vyeupe vidogo kama chembe za chumvi juu ya nyama nyekundu. Jumatano ile vingekuwepo. Sikuwa na tochi na sikujua kama kuna cha kutazama.

Alafu kuna chumba chenyewe. Tangu ada ifutwe na MMEM, yani mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, kuanza mwaka 2002 watoto waliingia shuleni kwa maelfu, jambo zuri sana hilo na silisemei vibaya, ila vyumba havikuongezeka kwa kasi ile ile. Darasa langu lilikuwa na watoto 118. Na tulikuwa na zamu, la tatu wanaingia asubuhi wanatoka saa sita na nusu, saa saba kamili darasa la pili wanaingia chumba kile kile. Kirusi cha surua kinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili nzima baada ya mgonjwa kutoka. Kwa hiyo watoto wa darasa la pili ambao hawajawahi hata kuonana na yule binti walikuwa wanavuta hewa aliyoiacha nusu saa tu nyuma yao, na madirisha upande wa barabarani tulikuwa tumeyafunga kwa sababu ya vumbi la magari. Baadaye watoto sita wa darasa la pili walipougua watu walishangaa sana, wengine wakaanza kusema ni upepo mbaya. Mimi nikarudi kwenye ratiba ya zamu, jibu lilikuwa pale pale.

Tarehe 16 nikaandika barua. Tarehe 17 barua inasubiri sahihi, mwalimu mkuu yuko semina. Tarehe 18 ikafika zahanati, tarehe 19 akaja mtu kuchukua damu ya yule binti ipelekwe maabara, tukaambiwa tusubiri majibu. Nakumbuka nilivyojisikia, nikaona tumefanya kazi yetu, ripoti imetoka na sampuli imekwenda. Kwenye maelekezo ya kufuatilia surua, mtoto mwenye homa na vipele, ukiongeza kikohozi au mafua au macho mekundu, huyo tayari ni wa kushukiwa na hatua za mwanzo hazingoji maabara. Maabara inathibitisha mlipuko, sawa, lazima damu ichukuliwe. Lakini kumtenga mgonjwa, kuorodhesha aliokaa nao, kutazama kadi za chanjo, kuwapa wazazi taarifa, hivyo vyote ningeweza kuvianza tarehe 16 mchana na kalamu yangu tu.

Na kwa nini nang'ang'ania tarehe? Kuna daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, mwaka 1846 alitumwa visiwa vya Faroe kule Atlantiki ya kaskazini, surua imeingia na watu zaidi ya 6,000 kati ya 7,782 wakaugua. Hapakuwa na maabara ya virusi, hapakuwa na chanjo, alichofanya ni kupita kijiji kwa kijiji na mashua akiuliza, mgeni alifika lini, mlikutana wapi, vipele vilitoka lini. Kwa kuwa vijiji vilikuwa mbali mbali aliweza kuona wazi kabisa kwamba kutoka siku ya kukutana na mgonjwa mpaka siku ya vipele ni kama siku 14. Akaona pia kwamba wazee waliougua surua ya mwaka 1781 hawakuugua tena, miaka 65 baadaye kinga bado wanayo. Mi nikisoma hiyo habari huwa naona aibu kidogo na furaha kidogo kwa pamoja, maana alichokuwa nacho Panum mimi nilikuwa nacho pia, rejista ya mahudhurio na mdomo wa kuuliza.

Ifanye hiyo hesabu kwa shule yetu. Waliovuta hewa ya yule binti tarehe 9, 10, 11, vipele vyao vinatarajiwa kuanzia tarehe 23 hadi 25 hivi. Rudisha siku nne, wanaanza kuambukiza wengine tarehe 19 na kuendelea. Chanjo ya surua ukimpa mtu ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa inaweza kumkinga, lakini kwa dawati la yule binti saa 72 ziliisha tarehe 12, kabla hata ya kipele cha kwanza, kwa hiyo hao wa karibu hatukuwa na namna ya kuwawahi. Waliobaki, wale mamia wa madarasa mengine, tulikuwa na upenyo mdogo kati ya tarehe 16 niliyopata habari na tarehe 19 kundi la pili lilipoanza kukohoa. Siku tatu. Tukazitumia kusubiri sahihi.

Alafu ikaja Idi. Shule imefungwa, watoto wamevaa nguo mpya, wengine wana homa na mama anasema ni uchovu wa kumaliza mfungo, wanapelekwa kwa shangazi Mbagala, kwa mjomba Buguruni, jioni viwanja vya sikukuu kupanda pembea, daladala zimejaa watoto mpaka mlangoni. Tuliporudi Alhamisi tarehe 26 niliita majina darasa la tatu nikahesabu 17 hawapo. Nikaita tena nikidhani nimeruka. Darasa likawa kimya, monita akaniambia, "Ticha, wengi wana surua." Nilikaa kwenye kiti. Sijawahi kukaa kwenye kiti nikiita majina.

Siku hiyo hiyo wazazi wakaja ofisini, wanataka shule ifungwe wiki mbili. Mwalimu mkuu naye alikuwa anaelekea huko, na namuelewa, lawama zote ziko juu yake. Mimi nilipinga na bado napinga. Idi ilikuwa imeshatuonyesha shule ikifungwa watoto wanakwenda wapi. Mtoto wa Dar ukimfungia shule hakai ndani, kuna tuisheni, kuna madrasa, kuna uani kwenye nyumba ya kupanga yenye familia sita na choo kimoja. Na nyumbani ndo kuna wale wachanga wa chini ya miezi tisa ambao chanjo hawajafikia umri wake, hao ndo surua ikiwakuta inawaangusha na nimonia na kuhara. Shuleni angalau najua nani yuko wapi, naweza kumwona anayekohoa nikamrudisha nyumbani na barua, naweza kuwapanga wote mstari mmoja siku ya sindano. Ukiwatawanya, siku ya chanjo unaanza kuwatafuta mtaa kwa mtaa na mjumbe. Tukakubaliana hivi, shule iko wazi, mwenye homa na mafua haingii, mwenye vipele hakanyagi mpaka zipite siku nne tangu vitoke, madirisha yote wazi vumbi au hakuna vumbi, na zile zamu mbili hazitumii tena chumba kimoja kwa kufuatana, darasa la pili wakahamia chini ya mwembe. Mstarini asubuhi nikawa nasimama na mwalimu wa zamu tunatazama macho, mtoto mmoja mmoja.

Jambo la kadi sasa. Tukaomba kila mtoto alete kadi ya kliniki. Zikaja chache. Nyingine zililoa mafuriko, nyingine ziko kwa bibi Lindi, nyingine mama anasema ilikaa mpaka mtoto alipoanza shule akaona haina kazi tena akaitupa. Ila kuna mama mmoja alikuja na kadi safi kabisa, akaiweka juu ya meza yangu akaniambia, "Mwalimu, soma. Kachanjwa miezi tisa, muhuri huu hapa. Mbona kaumwa?" Alikuwa na hasira na alikuwa na haki ya kuwa nayo, na mimi sikuwa na jibu.

Jibu ni hili na laiti ningemjibu siku ile. Mtoto akichanjwa akiwa na miezi tisa, dozi moja inamkinga kama watoto 85 kati ya 100, kwa sababu katika umri ule bado ana mabaki ya kinga ya mama yake mwilini na hiyo inaizuia chanjo isishike vizuri. Hawamchanji mapema kwa uzembe, wanamchanja mapema kwa sababu kwetu surua huwawahi wakiwa wadogo sana na ndo inapoua. Sasa chukua darasa la watoto 100, tuseme 90 wamechanjwa, asilimia 90 hiyo mtu yoyote ataisifia. 85 kwa 100 ya hao 90 ni kama 76. Wanaobaki bila kinga ni 24, wakiwemo 14 ambao mama zao wana kadi yenye muhuri. Na surua mgonjwa mmoja kwa watu wasio na kinga anaambukiza 12 mpaka 18, kati ya 10 wasio na kinga wanaokaa naye 9 wanaipata, ndo maana wataalamu wanasema ili isipate njia unahitaji karibu 95 kati ya 100 wawe na kinga ya kweli, sio muhuri. Kila mwaka wale 24 wa kila mia wanaongezeka juu ya wenzao wa mwaka uliopita, wanakua bila kukutana na ugonjwa kwa sababu umepungua mtaani, wanafika darasa la tatu wote pamoja wamebanana wanne dawati moja. Mlipuko wa shuleni unajengwa hivyo, taratibu, miaka hata minane kabla ya siku utakayousikia.

Chanjo ikaja Jumatano tarehe 1 Novemba. Manesi watatu, meza mbili chini ya mwembe, kiboksi chenye barafu. Ile chanjo ni unga ndani ya chupa ndogo, nesi anauchanganya na maji yake maalumu, na ikishachanganywa ina saa sita tu, ikipita inamwagwa, kwa hiyo hafungui chupa mpya mpaka aone mstari una watoto wa kutosha. Jua haitaki kabisa, walikuwa wanasogeza meza kila kivuli kinapohama. Mwalimu mkuu alitaka wachanjwe wasio na kadi tu ili zoezi liende haraka, nesi mkubwa akamwambia kwa heshima, "Mzee, tukianza kuchambua nani alichanjwa tutakesha. Wote. Aliyepata akipata tena haimdhuru." Nilimpenda sana yule mama kwa hilo. Kidole kidogo cha kushoto kinapakwa wino, mtoto anakaa kivulini kidogo akiangaliwa, anarudi darasani.

Baada ya hapo ndo nikaonja kazi ngumu kuliko zote. Kati ya tarehe 3 na 14 Novemba watoto wengine wakatoka vipele, na hawa walikuwa na wino kidoleni. Mtaa mzima ukasema chanjo ndo imeleta surua. Mama mmoja alinisimamisha sokoni mbele za watu. Hapo kaunta buku ikaniokoa, kwa sababu nilikuwa na tarehe ya kila mmoja, nikawa naenda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa nyumba kwa nyumba tunahesabu pamoja kwa vidole, vipele tarehe 6, rudi siku 14, tarehe 23 Oktoba, mkesha wa Idi, alikuwa wapi? Kwa mama mdogo. Huko kulikuwa na mgonjwa? Kimya. Alikuwepo. Mtoto alishabeba ugonjwa wiki nzima kabla ya sindano. Sio wote waliokubali, ila wengi mtu akihesabu mwenyewe anaona. Na niliwaambia mapema, tarehe 15 ikipita hawa watakwisha. Wa mwisho vipele vilimtoka tarehe 14. Jumla wanafunzi 41.

Kuna wawili siwezi kuwapita. Wa kwanza ni mdogo wake yule binti, kichanga cha miezi saba, alilazwa na nimonia. Nilikwenda kumwona wodini, nesi akachukua kidonge laini cha vitamini A, cha bluu, akakata ncha kwa mkasi mdogo akakamua matone mdomoni, kesho yake akapewa tena. Mwenye mwaka na kuendelea anapewa chekundu, nguvu mara mbili. Kitu kinachoonekana kidogo hivyo, na sehemu ya ushahidi wake umetoka kwetu hapa hapa, Mvumi, Dodoma, utafiti uliochapishwa mwaka 1987, watoto 180 wenye surua, waliopata matibabu ya kawaida peke yake wakafa 12 kati ya 88, walioongezewa vitamini A wakafa 6 kati ya 92. Kichanga kilipona, mama yake anauza vitumbua mpaka leo.

Wa pili ni mvulana wa darasa la pili, wa ile zamu ya saa saba. Macho yalivimba hayawezi kuvumilia mwanga, nyumbani wakasikia mtoto wa surua hapelekwi hospitali kuchomwa sindano vipele visije vikarudi ndani, jirani akaleta maji ya majani wakamdondoshea machoni. Surua yenyewe inakausha jicho na kumaliza vitamini A mwilini, ukiongeza dawa ya majani kwenye kidonda cha jicho unammaliza. Jicho la kulia lilibaki na kovu jeupe. Alirudi shule Desemba, nikamhamishia dawati la mbele. Familia ile siilaumu, walifanya walichokijua kwa mapenzi. Tarehe 16 Oktoba barua yangu ilikwenda kwa mwalimu mkuu, kwa wazazi sikuandika mstari hata mmoja, na mstari huo ungekuwa mfupi tu, mtoto wa surua apelekwe zahanati, asitiwe kitu chochote machoni.

Watu wananiuliza kama kuna nchi iliwahi kuwahi. Ipo. Uingereza mwaka 1994 wataalamu walitazama takwimu wakaona watoto wa shule wasio na kinga wamerundikana kama walivyorundikana wa kwetu, mlipuko mkubwa unakuja, wakaingia mashuleni mwezi Novemba mwaka ule wakachanja zaidi ya watoto milioni 7 wa miaka 5 mpaka 16, kabla haujaja. Walihesabu mbele, sisi tulihesabu nyuma. Na kwetu pia ikafika, Oktoba 2014 kampeni ya surua na rubela ilichukua watoto wa miezi tisa mpaka chini ya miaka 15, na mwaka huo huo dozi ya pili ikaingia kwenye ratiba, mtoto akifika miezi 18. Dozi mbili zinakinga kama 97 kati ya 100. Rudia hesabu ya darasa la 100 uone. Sasa hivi shida ninayoiona ni mama anayemaliza dozi ya miezi tisa akaona kliniki imekwisha, ile ya miezi 18 inasahaulika, mtoto ameshaanza kutembea, nani anakumbuka mizani.

Januari 2007 wakati wa kuandikisha darasa la kwanza niliomba mwalimu mkuu nikae meza ya mwisho. Nilichukua rula nikachora safu moja zaidi kwenye rejista, baada ya jina na tarehe ya kuzaliwa, nikaandika juu yake SURUA. Asiye na kadi hafukuzwi, anaandikishwa kama wenzake, ila anapewa karatasi ya kwenda nayo zahanati na anairudisha ikiwa na muhuri. Wa nne au wa tano kwenye foleni alikuwa yule mama wa kadi safi, safari hii na mtoto wake mwingine. Akafungua mfuko wa rambo, akatoa kadi, akaiweka mezani, akaniambia, "Mwalimu, huyu naye kachanjwa mara moja tu. Nimpeleke lini?" Nikamwambia leo, wakitoka hapa, zahanati inafunga saa tisa.